Kiingereza Kipitie Nyumbani Kwanza

Mwaka 1995 jarida la wataalamu wa lugha linaloitwa Text lilichapisha makala kuhusu jambo ambalo watu wa Mhunze hulifanya kila asubuhi kabla ya jingine lolote: kusalimiana. Mwandishi wake, Saida Yahya-Othman, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upande wa lugha za kigeni na isimu. Wengi wangetegemea mtu wa idara ile aandike juu ya Shakespeare au juu ya sarufi ya Waingereza. Yeye mwaka 1994, na tena 1995, aliwaandikia wasomi wa dunia habari za Waswahili: jinsi wanavyolindiana heshima kwa maneno, na jinsi salamu inavyoweza kuivunja heshima hiyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa wilayani Kishapu. Sikuwahi kuketi darasani kwake, namjua kwa maandishi tu. Ila kila ninapoifikiria kazi hii ya kuwafundisha watoto lugha ya watu wengine, nafsi yangu humrudia. Alikisoma Kiingereza mpaka kikamkolea, kisha akatumia elimu hiyohiyo kuwatazama upya watu wa kwao. Naamini huo ndio ukomavu wa mwalimu wa lugha, na naamini shule zetu za huku Usukumani zingeweza kufika huko mapema kuliko tunavyodhani.

Kwa asiyepafahamu, Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2002 ilipogawanywa Shinyanga Vijijini. Ni nchi ya mbuga, pamba, mtama, ng'ombe na mvua ya kubahatisha. Wengi wetu ni Wasukuma, lakini mtu asidhani kwamba hapa ni mahali pa lugha moja. Ndani ya wilaya hiihii upo mgodi wa Mwadui, ambako mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alikuta almasi. Mwaka 1947 lilipatikana hapo jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, alipoolewa. Kwa hiyo jiwe la Kishapu lilifika ikulu ya London kabla wengi wa babu zetu hawajafika Dar es Salaam. Tangu wakati ule mgodi umeleta watu wa kila namna, na pale Maganzo, mji mdogo uliokua ubavuni mwake, mtu anayetega sikio kwa nusu saa atasikia lugha nne au tano. Na vijana wetu nao hawatulii: pamba ikianguka bei wanakwenda Kahama, Kakola, Geita, Nyarugusu, kwenye maduara ya dhahabu, ambako Msukuma anachimba pamoja na Mkurya, Mhaya, Muha na Mnyiramba.

Mtoto wa hapa hukua katika mchanganyiko huo. Kwa bibi yake asubuhi anapiga magoti na kusema mwangaluka, na salamu haiishi hapo. Ataulizwa habari za kaya, za mifugo, za mvua kule alikotoka. Akiwa mgeni ataulizwa ni mtoto wa nani, na hapo hapo ataunganishwa na ukoo. Kwa mwalimu anabadili: shikamoo. Kwa mwenzake uwanjani anabadili tena: mambo. Hakosei. Hampigii bibi mambo, wala hampigii mwenzake magoti. Anajua nani anasimama wapi, nani aanze, nani ajibu, na lini kunyamaza ni adabu. Haya yote anayajua akiwa na miaka saba, na hakuna mtihani uliowahi kumpa alama kwa ajili yake.

Kisha anakuja kidato cha kwanza. Mwalimu anaingia darasani, watoto themanini wanasimama na kuimba gudi moning kwa sauti moja, wanaimba tena kwamba wako salama na wanashukuru, wanaketi. Mwalimu hajamwona mtu na hakuna aliyemwona mwalimu. Wimbo ule una maneno yote ya salamu, salamu yenyewe haimo. Mtoto ambaye nyumbani ni bingwa wa kusalimia anafundishwa kwamba kwa Kiingereza watu hawaonani.

Hapo ndipo makala za Yahya-Othman zinaponisaidia. Zinanikumbusha kwamba salamu ni mahali ambapo jamii inaonyesha inavyomhesabu mtu. Mwingereza naye ana namna yake. Akikuuliza hali yako njiani hasubiri habari za homa ya mtoto wala za ng'ombe aliyepotea, na ufupi wake hauna dharau ndani. Ana adabu nyingine anayoithamini sana: hakuombi kitu kwa kukuagiza, hulifunga ombi lake ndani ya swali, akikuachia nafasi ya kukataa. Sisi ombi tunalilainisha kwa njia nyingine, kwa kumwita mtu mama, kaka, mjomba, kwa kusema naomba na samahani, kwa kutanguliza habari kabla ya haja. Mwanafunzi akizihamishia sentensi zetu kwenye Kiingereza moja kwa moja, sarufi inaweza kuwa safi kabisa na bado akasikika kama mtu anayeamrisha. Hakuna zoezi la vitenzi litakalomwokoa. Anahitaji kuonyeshwa kwamba adabu zipo mbili na kwamba zote ni adabu.

Nitoe mfano wa darasani. Kila mwaka kidato cha tatu huandika barua ya kuomba kazi. Karibu nusu yao huanza kwa kumsalimu mwajiri, kumuuliza hali ya familia na kumweleza kwamba wao ni wazima, kisha ndipo kazi inatajwa. Kalamu nyekundu ingeweza kuifuta aya yote ya kwanza kwa mstari mmoja. Mimi huandika barua mbili ubaoni, moja ya mtindo huo na moja ya mtindo wa Kiingereza inayoingia kwenye haja kwa sentensi ya kwanza, nikawauliza: mnamwonaje aliyeandika hii, na aliyeandika ile? Safari moja msichana mpole, ambaye kwa kawaida hafungui kinywa, alisema, "Wa pili anamhurumia mwajiri kwa sababu ana kazi nyingi. Wa kwanza anataka mwajiri ajue kwanza kwamba anaandikiwa na mtu." Darasa lilinyamaza, kisha mabishano yakaanza. Yalianza kwa Kiswahili, yakapitia Kisukuma, na mwishoni yakatoka sentensi za Kiingereza ambazo hazikuwa na kibwagizo cha wimbo wa asubuhi. Zilikuwa na makosa, lakini kila moja ilikuwa na mwenyewe.

Namkumbuka pia kijana wa jirani aliyekwenda kufanya kazi kwenye kampuni moja ya uchimbaji upande wa Geita. Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha kuelewa maagizo. Kilichomtesa ni kwamba msimamizi wake, mtu kutoka ng'ambo, alikuwa akianza siku kwa kutaja kazi, bila salamu, na kijana akawa anaihesabu kila asubuhi kama tusi. Naye msimamizi, nilivyoelezwa, alimwona kijana ni mtu wa kupoteza muda kwa maongezi. Wote wawili walikuwa watu wema, tena wote waliujua msamiati, lakini waliachana kwa uchungu. Nilipomsikiliza niliona wazi kwamba shule ilikuwa imempa maneno yote aliyoyahitaji na haikumwambia neno lolote juu ya watu watakaoyatumia.

Ulaya nako walilifikia jambo hili. Mwaka 1997 Michael Byram, wa Chuo Kikuu cha Durham huko Uingereza, alitoa kitabu ambacho walimu wengi wa lugha duniani wanakitumia mpaka leo. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba mwanafunzi wa lugha ya kigeni hapaswi kupimwa kwa namna anavyomwiga mzawa wa lugha hiyo. Apimwe kwa uwezo wa kusimama kati ya watu wake na watu wengine, akiwaelewa hawa na wale, akiweza kuwaeleza hawa kwa wale. Nilipokutana na hoja hiyo nilifikiria minada yetu. Dalali wa ng'ombe anayemweleza Mtaturu kwa Mhindi na Mhindi kwa Mtaturu anautumia ujuzi huo kwa mkate wake wa kila siku, hata kama hajawahi kusikia jina la Durham.

Sasa nimtaje mhadhiri mwingine, kwa sababu bila yeye habari hii ingebaki nusu. Martha Qorro alifundisha Kiingereza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mwaka 1997 yeye na Zaline Roy-Campbell walitoa kitabu kuhusu mgogoro wa lugha katika elimu ya Tanzania. Kuanzia 2002 alikuwa mmoja wa viongozi wa LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, pamoja na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo na Zubeida Desai wa Afrika Kusini. Katika majaribio yao hapa nchini, wanafunzi wa kidato cha kwanza walifundishwa mada zilezile, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kiingereza, kisha wakalinganishwa. Waliofundishwa kwa Kiswahili waliuliza, walijibu, walibishana. Wenzao walikaa kimya wakisubiri kunakili ubaoni.

Ukimsikia kwa haraka utadhani Qorro ni adui wa Kiingereza. Msomi aliyeyatumia maisha yake kufundisha lugha hiyo, anasimama kudai masomo ya sekondari yafundishwe kwa Kiswahili! Lakini fuata hoja yake mpaka mwisho. Anasema tumevichanganya vitu viwili: kufundisha lugha, na kuitumia lugha kufundishia mambo mengine. Mzazi anataka mwanawe ajue Kiingereza, na ana haki. Anadhani njia ya kukipata ni kumfundisha baiolojia kwa Kiingereza, na hapo ndipo anapokosa vyote viwili, baiolojia na Kiingereza. Qorro alitaka Kiingereza kifundishwe vizuri, na walimu waliokisomea, kama somo lenye heshima yake. Ni hoja ya mtu anayeipenda lugha kiasi cha kuchukia kuiona ikifanywa chujio la kuwatupa watoto nje.

Mkulima yeyote wa Kishapu angemwelewa. Maksai mchanga hafungwi jembe peke yake. Anafungwa nira moja na maksai mzee aliyezoea mfuo, wakalima pamoja msimu mzima, mpaka mchanga ajue sauti za mwenye kulima. Kiingereza cha mtoto kinahitaji kutembea hivyo na lugha ambayo tayari imezoea kubeba mawazo yake.

Serikali yetu imelizunguka suala hili muda mrefu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Haikuwa hivyo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta kwamba hata chuo kikuu ni chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ambao wangesoma bila taabu vitabu vyepesi vya masomo yao. Baada ya kuona hayo wakashauri Kiingereza kiendelee kufundishia, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa fedha za Uingereza wa kukitia nguvu. Sera ya Utamaduni ya 1997 ikazungumzia tena Kiswahili katika ngazi zote. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Leo raia wa Mhunze anaweza kushtakiwa, kujitetea na kuhukumiwa kwa Kiswahili, lakini mwanawe hawezi kujibu swali la usanisinuru kwa Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne. Nimelifikiria hili kwa miaka na sijaona busara iliyomo.

Najua sera haitabadilika kwa makala ya mwalimu wa Kishapu. Mitihani ya mwaka huu itakuja kwa Kiingereza, na watoto niliokabidhiwa lazima waifanye. Ndiyo maana nasema habari za ndani ya chumba cha darasa, pale ambapo mwalimu ana mamlaka yake.

Na mamlaka hayo tunayatumia vibaya tunapowaadhibu watoto kwa kusema Kiswahili au Kisukuma kwenye eneo la shule. Kibao cha kuvalishwa shingoni, fimbo, kufyeka nyasi. Nimewasikia wazazi wakisifia shule za namna hiyo kwamba zina nidhamu. Hebu tujiulize mtoto anajifunza nini kuhusu bibi yake anapovalishwa kibao kwa kusema lugha ya bibi yake. Anajifunza kwamba bibi ni kosa. Mtu aliyekulia katika aibu hiyo hawezi kuwa daraja kati ya watu wake na wageni, kwa sababu ameshaambiwa upande mmoja wa mto hauna thamani.

Yupo msomi aliyeithamini lugha hiyo ya bibi kwa namna ambayo watoto wetu wanapaswa kuisikia. Herman Batibo, mtaalamu wa isimu, alikiandikia Kisukuma kitabu kizima cha sauti na maumbo ya maneno yake, kwa Kifaransa, kikachapishwa Paris mwaka 1985. Ni yeye aliyeandika pamoja na Yahya-Othman sura kuhusu safari ya Kiingereza nchini kati ya 1940 na 1990. Baadaye alitoa kitabu kuhusu kufifia na kufa kwa lugha za Afrika, na alionya kwamba katika nchi kama yetu lugha ndogo zinabanwa zaidi na lugha kubwa ya Kiafrika kuliko na Kiingereza. Onyo hilo linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili pia. Tusikifanyie Kisukuma kile tunacholalamika kufanyiwa na Kiingereza.

Ng'ambo ya ziwa kidogo, Ukerewe, upo mfano ninaoupenda kuliko yote. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka. Haikupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, naye akafariki 1981. Gabriel Ruhumbika, Mkerewe vilevile, alikuwa ameanza uandishi kwa riwaya ya Kiingereza mwaka 1969. Alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye Marekani katika Chuo Kikuu cha Georgia, akageukia kuandika riwaya kwa Kiswahili, na mwaka 2002 tafsiri yake ya kitabu cha Kitereza, iliyotoka moja kwa moja kwenye Kikerewe, ikawafikia wasomaji wa Kiingereza. Angalia mtu huyo alivyokitumia Kiingereza chake! Alikitumia kuwapeleka Myombekere na Bugonoka duniani, pamoja na desturi zao za kupokea mgeni, kuposa na kuomboleza. Kiingereza kilichofika mbali namna hiyo kilitoka kwa mtu ambaye hakuisahau lugha ya nyumbani.

Mwalimu Nyerere, aliyeitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, alipata kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Nalikubali neno hilo, ila naomba tulifuate hadi mwisho. Kiswahili kilifikaje kwetu Usukumani? Kilikuja na misafara, na biashara, na misheni, na vyama vya ushirika vya pamba, na mikutano ya TANU. Wazee wetu walijifunza wakipimiana pamba na wakidai bei ya haki. Walikichukua kwa sababu kulikuwa na watu wa kuzungumza nao na jambo la kusemezana. Kama Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, basi kifundishwe kwa njia hiyo, kikiwa na watu ndani yake.

Walimu wenzangu wa Kiingereza wa Kishapu, Msalala, Kahama na Geita, nawaomba jambo dogo. Wiki ya kwanza ya muhula ujao, acheni ule wimbo wa asubuhi. Waulizeni watoto nyumbani kwao mgeni anapokewaje, wajibu kwa lugha wanayoiweza, kisha mtafute pamoja namna ya kumweleza mambo hayo mtu wa mbali kwa Kiingereza. Waalikeni wazee waje kusikiliza. Wazazi, msilipe ada kwa shule inayomvalisha mwanao kibao. Na wakuu wa shule, viondoeni vibao hivyo. Kuviondoa hakuhitaji waraka kutoka Dodoma wala bajeti ya halmashauri.